Nyumba Yenye Magurudumu: Wanaishi Namna Gani?



Labda mumekwisha kuona ndani ya filme motokari moja ndefu, iko na madirisha, mapazia na mlango pembeni sawa vile nyumba. Wafaransa wanaiita camping-car. Hapa tutaiita nyumba ya magurudumu. Watu wengi wanaitumia kwa kwenda kupumzika siku chache, kiisha wanarudi kwao. Lakini kuna wengine hawana tena pahali pa kurudi. Mule ndani ndimo wanalala, wanapika, wanaomba, wanagombana na kupatana, mwaka mzima.

Utaniuliza: «Sasa hii mambo inanihusu namna gani? Mimi sina hata kinga, sembuse motokari!»

Ngoja kidogo, usifunge gazeti. Kuna sababu tatu za kusoma mpaka mwisho. Ya kwanza, wamoja kati ya watu hawa walikuwa wakitumika katika kampuni ya mgodi, wakikaa nyumba ya kampuni, sawa vile baba zetu. Ya pili, taabu zao za kila siku ni zile zetu: maji ya kuhesabu, umeme wa kuhesabu, moto wa kupikia, choo. Ya tatu, wanakaa wengi katika nafasi ndogo, na sisi tunajua hiyo ni nini.

KAMPI ILIYOFUNGWA

Huko Marekani, katika jimbo la Nevada, kulikuwa kampi moja inaitwa Empire. Ilianza mwaka 1923 na hema za wafanyakazi waliokuja kuchimba jasi, ile jiwe nyeupe wanayotengenezea mbao za kuta. Kutoka mwaka 1948 kampuni ya United States Gypsum ndiyo iliishika. Nyumba zilikuwa za kampuni, na watu walilipa kidogo tu. Watoto walizaliwa pale, walisoma pale, na wengine walikuja kutumika pahali pamoja na baba zao. Msomaji wa Likasi, wa Kipushi ao wa Kolwezi, unaona? Sihitaji kukufasiria zaidi.

Kiisha, mwaka 2008, biashara ya nyumba katika Marekani ilianguka. Watu hawakujenga tena, basi mbao za kuta hazikununuliwa. Tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka 2011 kiwanda cha Empire kilifungwa. Wafanyakazi 95 walipoteza kazi. Familia ziliachiwa muda mpaka mwezi wa sita, watoto wamalize mwaka wa masomo, halafu kila mtu alipaswa kurudisha ufunguo. Hata nambari ya posta ya kampi, 89405, ilifutwa. Kampi ilibaki na miti yake na nyumba zenye milango ya kufungwa. Mwaka 2016 kampuni nyingine ilinunua pahali pale na kazi kidogo ikarudi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kwenda.

Mwandishi wa habari Jessica Bruder aliandika kitabu mwaka 2017 juu ya watu waliopoteza nyumba na akiba katika miaka ile, na ambao waliamua kuishi katika motokari wakitafuta kazi ya vipindi. Kitabu kile kinaitwa Nomadland, na mwaka 2020 kilitengenezewa filme. Katika filme mama mjane anatoka Empire na motokari yake. Huyo mama ni wa kubuniwa, lakini kampi ilikuwa ya kweli.

Sisi nasi tuna yetu. Mwezi wa tisa mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilianguka, na katika miaka iliyofuata kazi ya Gécamines ilishuka sana. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ile waliyoita «départ volontaire». Na katika miaka ya karibuni, Kolwezi, familia za cité zimebomolewa nyumba kwa sababu mgodi unapanuka. Basi ulizo la nyumba na kazi si la Wamarekani peke yao.

NDANI YAKE MUKO NINI?

Kampuni inayojulikana sana kwa kutengeneza nyumba hizi ni Winnebago, iliyoanzia katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa. Ilianza mwaka 1958, na mwaka 1966 ikaanza kutengeneza zenye injini yake yenyewe.

Nyumba ya ukubwa wa katikati iko na urefu wa metre 7 na nusu na upana karibu metre 2 na nusu. Pima lupango yako, utaona: ni chumba kimoja tu! Mule wameweka kitanda, meza, jiko la gaz, frigo, bafu, choo na makabati. Kila kitu kinafanya kazi mbili. Meza mangaribi inakuwa kitanda. Chini ya kiti kuna sanduku la vyombo. Juu ya shoferi watoto wanalala.

Sheria yao ya kwanza ni hii: kila kitu na pahali pake. Ukiacha sahani juu ya meza na motokari ikipiga kona, utaokota vipande. Sheria ya pili: ukiingiza kitu kipya, toa cha zamani. Si kwa ajili ya nafasi tu, ni kwa ajili ya uzito pia, maana motokari iliyopakiwa kupita kipimo inachosha breki na kupasua mipira.

MAJI YA KUHESABU

Chini ya sakafu kuna matanki matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili linapokea maji ya sahani na ya kuoga. La tatu ni la choo. Tanki la maji safi mara nyingi linabeba lita 150 hivi, maana yake bidoni saba na nusu za lita 20. Kama watu wawili wanatumia lita 10 kila mtu kwa siku, maji yanafika siku saba. Wakiacha robine wazi wakati wa kusugua meno, hayafiki hata siku nne.

Kwa hiyo wanaoga hivi: unajimwagia maji kidogo, unafunga robine, unajisugua sabuni mwili mzima, kiisha unafungua tena kwa kujisafisha. Sahani wanazipangusa kwanza na karatasi, ndipo wanaziosha ndani ya beseni. Mama wa kwetu anayengojea maji ya saa tisa ya usiku anajua akili hii kuwapita wao.

Lakini hapa kuna jambo tunaweza kujifunza. Watu hawa wanasafisha tanki lenyewe, si maji tu. Mara mbili kwa mwaka, ao kila mara maji yakianza kunuka, wanatia maji ya Javel yasiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hivi, kipimo cha mililita 60 kwa lita 60 za maji. Wanajaza, wanafungua kila robine mpaka harufu ya Javel itoke, wanaacha usiku mzima, kiisha wanamwaga yote na kusuuza mpaka harufu iishe. Maji ya dawa ile hawayanywi. Wewe, ile bidoni ya maji ya kunywa nyumbani, uliiosha ndani lini? Ukitia mkono na kusikia utelezi, ule utelezi ni makao ya vijidudu. Maji safi ndani ya bidoni chafu hayabaki safi.

CHOO: KAZI ISIYOPENDWA

Hakuna mtu anayependa kuzungumza juu yake, lakini tanki la choo likijaa, furaha yote ya safari inaisha. Kuna pahali maalum pa kumwaga, na mtu haruhusiwi kumwaga porini ao kando ya barabara. Anavaa glavu. Anamwaga kwanza tanki la choo, halafu la maji ya kuoga, ili maji ya sabuni yaoshe bomba. Na hamwagi kila siku: anangoja tanki lijae karibu theluthi mbili, ndipo uchafu wote utoke kwa nguvu pamoja na maji. Wenye kuacha robine ya choo wazi siku zote wanaona maji yanatoka, uchafu unabaki na kugeuka kilima. Kufungua kile kilima ni kazi ya machozi.

Tukumbuke kwamba taifa la Israeli lilikaa jangwani miaka 40 katika hema. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mnasomwa agizo la kutoka inje ya kampi na kuwa na kitu cha kuchimbia, kwa kufunika uchafu. Mungu hakuona haya kusema juu ya choo. Kwa nini sisi tuone haya, wakati kipindupindu kinarudi kutembelea kata zetu wakati wa mvua?

UMEME WA BATRI

Pahali pasipo waya, nyumba ya magurudumu inakaa kwa nguvu ya batri na mabamba ya jua. Wengi kwetu siku hizi wanayo pia, kwa sababu ya kukatika-katika kwa umeme. Lakini batri nyingi zinakufa mbele ya wakati. Kwa nini? Kwa sababu tunazikamua mpaka tone la mwisho.

Batri ya kawaida ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 inaandikwa kama iko na wati-saa 1.200. Wewe hesabu 600 tu. Televizyo ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Simu tatu, tuseme 30. Jumla 290. Unabaki salama, hata kesho mawingu yakifunika jua. Lakini ukitia pasi ya umeme ya wati 1.000, kwa nusu saa tu umemeza 500! Ndiyo maana katika nyumba ya magurudumu wanaandika hesabu hii kwenye karatasi na kuibandika karibu na batri, watoto wasome.

Batri zenye vifuniko vya kufungua zinahitaji kuongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, si ya robine wala ya kisima. Maji ya kisima yana chumvi za udongo, na zinaua batri polepole.

HATARI ISIYO NA HARUFU

Sehemu hii, baba na mama, someni kwa sauti mbele ya watoto.

Katika nyumba ya magurudumu kuna adui wawili wa hewa. Wa kwanza ni gaz ya chupa. Ni nzito kuliko hewa, inashuka na kujikusanya chini, karibu na sakafu. Kwa hiyo kile chombo cha kulia hatari wanakiweka chini ukutani. Ukisikia harufu ya gaz: funga chupa, fungua mlango, usiguse taa wala kiberiti, toka inje.

Adui wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hana harufu wala rangi. Ni hewa ya sumu inayotoka wakati moto unawaka pahali pasipo hewa ya kutosha, wanaiita monoksidi ya kaboni. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anasikia kichwa kinauma, anakuwa na kizunguzungu, anataka kutapika, analegea. Akiwa usingizini, hasikii kitu, haamki. Watu wa motokari wanajua: hawawashi jiko la gaz kwa kupata joto la usiku, na wakipika wanafungua tundu la dari.

Na sisi? Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Katanga inapoingia, ni nani hajaona mbabula ikiingizwa ndani ya chumba cha kulala, mlango ukafungwa na matundu yakazibwa na vitambaa? «Makala imekwisha kuwaka muzuri, haina moshi, haina tabu.» Hapana! Tabu iko palepale. Moshi unaouona umeisha, lakini sumu usiyoiona ingali inatoka. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanaua familia nzima usiku mmoja.

Basi: ota moto inje, ao mlango ukiwa wazi, na mbele ya kulala toa mbabula inje kabisa. Funika watoto na mablanketi. Na ile grupu ya kutoa umeme, usiiweke ndani ya nyumba, wala kwenye baraza, wala chini ya dirisha. Iweke metre 6 ao zaidi kutoka nyumba, na moshi wake uangalie upande mwingine. Ukikuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, usianze kutafuta mchawi: fungua milango, mtoe kwenye hewa, mpeleke haraka kwa munganga.

DARI NA MIPIRA

Wenye ujuzi wanasema, nyumba ya magurudumu haiui injini yake mbele; inauliwa na maji ya mvua. Tundu dogo kama kichwa cha sindano kwenye kiungo cha dari linaingiza maji ndani ya ukuta wa mbao. Mwaka mmoja huoni kitu. Mwaka wa pili unaona doa. Mwaka wa tatu unagusa ukuta na kidole kinaingia. Ndiyo maana wanapanda juu mara mbili kwa mwaka kuangalia viungo vyote na kupaka upya dawa ya kuziba. Nasi tunangoja mvua ya mwezi wa kumi na moja ndipo tutafute beseni za kuweka chini ya mabati! Mwezi wa nane ndio wakati wa kupanda juu ya nyumba, misumari na mabati yakiwa makavu.

Mipira nayo inazeeka hata kama haitembei. Jua linaipasua. Wengi wanaibadilisha baada ya miaka kati ya 5 na 7, hata ikiwa meno yake ni mazima. Kijana unayenunua mipira iliyokwisha kutumiwa, jifunze hii: tafuta ubavuni nambari nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 2319, maana yake ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji anaweza kuipaka rangi nyeusi ing'ae, lakini ile nambari haisemi uongo. Katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kusoma nambari nne kunaweza kuokoa taxi nzima.

KUKAA PAMOJA PAHALI PADOGO

Bwana na bibi katika metre 7 hawana pahali pa kukimbilia wakigombana. Kwa hiyo wanajifunza kusema mapema, neno likiwa lingali dogo. Wengi wanagawanya kazi: mmoja anashika maji na choo, mwingine umeme na gaz. Mbele ya kuondoka wanazunguka motokari wote wawili na karatasi mkononi: gaz imefungwa? Ngazi imepandishwa? Tundu la dari limefungwa? Mmoja anaangalia, wa pili anaangalia tena. Si kwa kutomwamini mwenzake; ni kwa sababu kichwa cha mtu kinasahau.

Na jambo moja linawaogopesha kuliko yote: injini ikiharibika, nyumba nzima inaingia garaji! Familia inalala wapi? Ndiyo maana wenye busara wanatenga feza kila mwezi kwa ajili ya fundi, hata kama mwezi ule hakuna kitu kilichoharibika.

SI PARADISO

Tusidanganyike na filme. Wako wanaochagua maisha haya kwa furaha, hasa wazee wenye pensheni. Lakini wako wengi ambao kodi ya nyumba iliwashinda. Wanavuna viazi-sukari vya Minnesota na Dakota ya Kaskazini mwezi wa kumi, wanalinda pahali pa kupiga kampi wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi wanashuka Quartzsite, katika jangwa la Arizona. Miji mingi inawakataza kulala barabarani. Mwaka 2024 tribunali kubwa ya Marekani ilikubali kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala inje, hata kama hawana pahali pengine.

Na mzee akigonjwa, hawezi tena kuendesha, atafanya nini? Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson walianzisha chama cha watu hawa, Escapees. Huko Livingston, Texas, chama kiliwatayarishia pahali ambapo mgonjwa anabaki ndani ya nyumba yake ya magurudumu, imesimamishwa, na watu wanakuja kumsaidia chakula na kumpeleka kwa munganga. Angalia: hata watu wenye kupenda kwenda peke yao walivumbua kwamba mtu hawezi kuishi bila jirani.

SISI TUNASHIKA NINI?

Shoferi wa kamyo anayelala siku nyingi katika kabini kule Kasumbalesa anajua mengi ya haya. Lakini hata wewe usiye na motokari, shika mambo matatu.

Nyumba ya kampuni ni ya kampuni. Ukiwa ungali na kazi, jiulize ufunguo utaurudisha siku gani, na utaingia wapi siku ile. Tafuta lupango mapema na uangalie vizuri karatasi zake. Hata mabati matano kwa mwaka ni mwanzo.

Nyumba inatunzwa mbele iharibike. Tundu leo ni dogo.

Na kuta zaweza kuchukuliwa, lakini desturi ya nyumba haichukuliwi. Abrahamu alikaa katika hema na pahali mbalimbali alipofika alijenga mazabahu. Familia inayoomba pamoja mangaribi, inayogawanya kazi na kusameheana mbele ya kulala, ile itakuwa familia katika kampi, katika cité, hata barabarani.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani ao katika kundi la vijana:

1. Kwetu tunatumia bidoni ngapi za maji kwa siku? Ni wapi yanapotea bure?
2. Nani katika nyumba yetu anahakikisha mbabula imetoka inje mbele ya kulala?
3. Kama kesho tungeambiwa kurudisha ufunguo, tungeenda wapi? Mwezi huu tuanze na nini?